Nenosiri la Adalbert

Nataka kumwelezea Adalbert Sibomana jinsi alivyo, kabla watu wa mtaa wa Mapendo hawajaendelea kumwelezea jinsi asivyo. Huko mtaani bado wanasema aliwahi kuwa na mke Mnande mwenye mdomo mkali na mtoto wa kiume mwenye ndevu. Mke huyo ni mimi, Kaswera, na sijawahi kuolewa na mtu yeyote. Mdomo sikatai.

Mwaka ule mlima ulipolipuka tulikuwa wanafunzi wa chuo kikuu hapa Goma. Adalbert alikuwa mwanafunzi kutuzidi sote, kwa maana alianza kabla yetu na hakuwa na dalili yoyote ya kumaliza. Alikuwa akiandika kazi yake ya mwisho juu ya magonjwa ya viazi, na kila profesa aliyepewa kumsimamia alihama, alistaafu, au alichoka tu. Yeye hakuchoka. Ni mrefu, mpole, hufunga shati hadi kifungo cha shingoni hata jua likiwaka, na anapokusalimia anashika mkono wako kwa mikono yake miwili na kusahau kuuachia.

Alikuwa na kitu kimoja ambacho sisi wengine hatukuwa nacho: kadi ya benki inayokubaliwa kwenye mtandao. Kwa kadi hiyo alifungua akaunti katika kampuni moja ya filamu, zile za kutazamia kwenye simu. Mtu mmoja peke yake angefilisika, kwa hiyo tulichangia watu watano. Wa kwanza Adalbert mwenyewe, wa pili mimi. Wa tatu Gauthier wa kitivo cha sheria, Mnande mwenzangu, ambaye hawezi kuazima kijiko bila kutaja kifungu. Wa nne Bulonza kutoka Bukavu, mdogo wetu kwa umri lakini mwenye ndevu za askofu. Wa tano Nishimwe kutoka Masisi, mwanafunzi wa uuguzi, mfupi, mwenye sauti inayoweza kumwamsha mgonjwa aliyekwisha kata tamaa.

Sisi wanne tulipanga vyumba Ndosho, kila mtu na kitanda chake, kila mtu na mega zake za mtandao za usiku. Adalbert alikaa peke yake Mapendo. Sasa, mwenye akaunti huona kila mtu ametazama nini, na Adalbert alikuwa akisoma habari zetu jinsi mzazi anavyosoma matokeo ya shule. Ananikuta mlangoni mwa chuo, ananishika mkono.

"Kaswera, pole sana. Jana ulifika pale yule bwana muturuki anakufa?"

Bulonza ndiye aliyepata aibu kuliko wote. Alikuwa ametangaza kwamba yeye ni mtu wa filamu za vita tu. Siku moja mbele ya wasichana wa mwaka wa kwanza Adalbert akamuuliza kwa upole kabisa, "Bulonza, zile za kupika keki umeangalia sita mufululizo. Uko na njaa? Kuya kwangu ukule." Bulonza alitamani ardhi ipasuke immeze, na hapa Goma hilo si ombi la kufanyia mchezo.

Tulimwona mmbea. Hatukuona kwamba hiyo ndiyo ilikuwa njia yake pekee ya kukaa nasi. Wazazi wake walikufa, shangazi aliyemlea alivuka kwenda Uganda, na katika nyumba yake ya mbao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga. Alitualika mara nyingi. Tulikuwa na mitihani, tulikuwa na mvua, tulikuwa na kichwa kinauma. Mtu akishakuwa na nenosiri hana haja tena na mwenye akaunti, na Adalbert alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Alichokuwa anaogopa ni siku ambayo hata mchango wetu hautakuja tena, kwa sababu siku hiyo hatabaki na mtu.

Ndipo mwezi wa tano ulipoingia ujumbe kwenye simu yake. Kampuni ilisema akaunti ile ni ya watu wanaoishi nyumba moja, na kwamba hivi karibuni itahakikisha.

Nchi nyingine mtu akisoma hivyo anafikiria kompyuta. Sisi ni watu wa Goma. Kwetu, wakisema wanakuja kuhakikisha watu wa nyumba, maana yake ni moja. Wanakuja alfajiri, wamevaa gileti, vile vizibao vya mashirika ya misaada, wana kibao cha kubonyeza mkononi, wanahesabu vichwa pale pale vilipolala. Aliyekwenda kukojoa amekosa. Adalbert alituita nyuma ya maktaba, uso umemkauka.

"Banakuya," alisema. "Siku sijue, lakini banakuya kuhesabu batu."

"Nani?" akauliza Nishimwe.

"Ba kampuni."

"Kutoka ng'ambo kule mpaka Mapendo?"

"Bazungu banafikaka mpaka mu pori kuhesabu gorille moja moja, na kila moja iko na jina. Mapendo ndio itabashinda?"

Gauthier alitafakari, akasema kisheria hoja ina uzito. Mimi nilitaka kucheka, ila nilikumbuka kwamba tamthilia yetu ya Kituruki ilikuwa bado haijaisha, na mle ndani yule mwenye hoteli alikuwa ameshika kitasa cha mlango bila kujua nani yuko ndani. Akaunti ikifungwa, nitakufa bila kujua. Jioni ile ile tulibeba magodoro yetu juu ya chukudu moja, baiskeli ya mbao ya kusukuma, kutoka Ndosho hadi Mapendo, Bulonza akisukuma, Nishimwe akimtukana kwa nyuma.

Nyumba ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya mawe ya volkano kama nyumba zote za huko, vyumba viwili na jiko la nje. Adalbert alikuwa amefagia hadi mawe. Alikuwa ametafuta sahani tano za rangi moja, na alipoziona zote zimepangwa akawa hajui mikono yake aiweke wapi. Gauthier akagawa vyeo. Adalbert ni baba, hilo halikuwa na mjadala. Bulonza, kwa kuwa ndiye mdogo, ni mtoto wa kwanza. Nishimwe alikataa kuwa mtoto, akachagua kuwa shangazi, dada yake baba, ili awe na haki ya kumsema kila mtu. Gauthier mwenyewe akawa mjomba aliyekuja kutembea, cheo kisicho na kazi hata moja. Mimi nilichelewa kurudi kutoka chooni, nikakuta nimekwisha kuwa mama.

"Sikubali," nilisema.

"Iko tu ya kuhesabiwa," Adalbert akanibembeleza. "Hautapika. Mimi nitapika."

Na kweli alipika, siku zote, akiimba. Tulipomuuliza kwa nini mambo ya kuhesabiwa yanamtia wasiwasi hivyo, akatueleza huku akimenya viazi. Alipokuwa kijana waasi walifika kwao Rutshuru, familia ikakimbilia kambini Kibati. Asubuhi ya kuhesabiwa mama yake alimtuma kuni. Aliporudi na kuni zake, wenye gileti walikuwa wameshapita, na kwenye kadi ya familia yeye hayumo.

"Musimu muzima nilikuwa mutu ya bure," alisema akicheka. "Nakula, lakini siko." Sisi pia tulicheka, kisha Bulonza akasogea kumsaidia kumenya.

Basi tukaishi. Kila alfajiri Adalbert alituamsha kwa kunong'ona, "Mulale! Mulale muzuri!" maana alitaka tukutwe tumelala kwa mpangilio. Bulonza alifunikwa blanketi hadi puani kwa ajili ya zile ndevu. Kisha mazoezi ya kuulizwa maswali. "Mutoto, baba yako anapenda film gani?" Bulonza anajibu, "Ya magonjwa ya viazi, papa." Jioni tulikaa wote mbele ya simu moja iliyoegemezwa kwenye bidoni ya maji, Nishimwe akimfokea yule mwenye hoteli, kipande baada ya kipande bado ameshika kitasa, asiufungue mlango, na ukuta wa mbao ukitikisika kwa kelele zetu. Adalbert hakuitazama simu sana. Alitutazama sisi.

Tatizo lilikuwa Mama Athanasie, jirani, kiongozi wa shirika la wakristo wa mtaa, mwanamke anayejua nani kapika nini kabla moshi haujatoka. Alikuja na kikapu cha majani ya sombe na lawama.

"Papa Adalbert, unaoa bila kutuambia? Ata soda?" Akageuza macho kwa Bulonza, aliyekuwa amesahau blanketi. "Na huyu muzee ni nani?"

"Ni mutoto yetu ya kwanza, mama."

Mama Athanasie alimtazama Bulonza kutoka miguuni hadi kwenye ndevu, akanitazama mimi. "Mama, pole," akaniambia. "Ulipitia mengi."

Wiki ile ile shirika lote lilikuja kusali kwetu. Waliombea wagonjwa, wasafiri, na "ndugu zetu wanaokaa pamoja bila sakramenti", na hapo akina mama wote walifumbua jicho moja kuniangalia. Nilifungua mdomo, nikaona jinsi Adalbert anavyonisihi kwa macho, nikasema amina kwa sauti iliyomwamsha mtoto wa mtu.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Jioni anga la upande wa mlima likawa jekundu, mtaa mzima ukatoka nje, na kelele ikapanda kutoka mitaa ya juu. Sitafanya mzaha hapo. Niliogopa. Tulikimbia tukiwa tumeshikana nguo. Uji wa moto wa volkano ulishuka hadi Buhene, ukala nyumba za watu na watu wenyewe, ukasimama kabla ya kutufikia. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka bila kupumzika, sahani za Adalbert zikigongana rafuni. Mwishowe gavana akatangaza mitaa ya kuondoka, na Mapendo ikatajwa.

Nikisema tulibaki pamoja kwa mapenzi nitakuwa naongopa. Boti ya Bukavu ilijaa, lori la mjomba wangu la Butembo lilijaa, na Adalbert alikuwa tayari mbele kwenye barabara ya Sake na sufuria yetu kichwani, maharagwe yakiwa bado mabichi ndani. Tukamfuata, sisi na nusu ya mji.

Sake tulipata kona katika darasa la shule moja, chini ya ubao ulioandikwa mito ya Afrika. Asubuhi ya kwanza, jua halijatoka, mlango ukafunguliwa. Akaingia kijana mwenye gileti na kibao cha kubonyeza, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Adalbert aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Bamefika!" akatunong'oneza. "Ba film!"

"Papa, hawa ni wa misaada," Gauthier akasema.

"Kampuni kubwa haitume batu yake. Inakodisha ba hapa. Bulonza, ndevu!"

Kijana alifika kwetu, akachuchumaa. "Mukubwa wa ménage, wa nyumba, ni nani?"

"Ni mimi. Adalbert Sibomana. Batu yangu bote bako hapa, hakuna hata moja anapungua. Bahesabu."

"Huyu?"

"Bibi yangu."

"Huyu wa ndani ya blanketi?"

"Mutoto ya kwanza. Miaka kumi na saba."

Kijana alivuta blanketi kidogo. Akatazama ndevu, akamtazama Adalbert, ambaye hata thelathini hakuwa amefika. "Mulimuzaa mukiwa na miaka ngapi?"

Mdomo wangu, ambao sikatai, ukafunguka wenyewe. "Alikuwa na haraka," nikasema.

Darasa zima liliangua kicheko, watu waliokuwa hawajacheka tangu Jumamosi. Kijana wa watu hakucheka, alikuwa kazini. Aliandika, akauliza shida yetu kubwa kuliko zote ni nini, maji, chakula au pa kulala.

"Shida iko moja," Adalbert akajibu, ameweka mkono kifuani. "Banataka kutuachanisha. Banasema kila mutu aangalie yake."

"Aangalie nini?"

"Film, papa. Lakini sisi tunaangaliaka pamoja. Uliza ata jirani."

Kijana aliandika kwa muda mrefu sana. Tulipewa bache la kujifunika mvua, sabuni, blanketi na sufuria mbili. Kesho yake akaja mama mmoja mpole sana, ametumwa kwa ajili ya familia zilizochanganyikiwa na mlipuko, ana penseli za rangi. Alituketisha mduara, akatuimbisha wimbo wa kupiga makofi, akatuomba tuchore nyumba yetu. Gauthier alikataa kisheria, kisha akachora kwa muda mrefu kuliko wote. Bulonza alichora keki. Adalbert alichora nyumba ya mbao na vichwa vitano dirishani, na yule mama alimsifu akamwomba aweke saini. Alimwambia ana familia nzuri. Adalbert akasema anajua.

Tuliporudi Mapendo nyumba ilikuwa imesimama, sahani moja tu imepasuka. Mtandao ukarudi, simu ya Adalbert ikalia. Kampuni ilituma tarakimu nne, ikamwomba aziandike mahali palipoonyeshwa. Akaziandika. Muda wa kumenya kiazi kimoja haukuisha, maneno yakatokea: simu hizi tano ni za nyumba moja, asante. Kwa kuwa simu zetu zilikuwa zimelala pamoja pale tangu mwanzo, zikila mtandao mmoja wa simu ya Adalbert, mashine ilikuwa imezihesabu. Vichwa havikuwa na maana yoyote.

Tulipiga kelele za shangwe. Halafu, na hili ninalisema bila kujivunia, tulifunga magodoro kwa haraka kama watu waliofunguliwa jela. Bulonza alikuwa amekwisha kulala chini ya kiwiko cha Gauthier kwa majuma. Mimi nilitaka kitanda changu na mlango wangu. Adalbert alitusaidia kufunga kamba za chukudu. Alitushika mikono mmoja mmoja na safari hii alikumbuka kuachia.

"Mutakuya?" akauliza.

"Tutakuya," tukasema, tukiwa tayari barabarani.

Usiku huo nilijifunika, nikafungua simu ili hatimaye nimwone yule mwenye hoteli akifungua mlango. Nenosiri si sahihi. Nikaandika tena. Si sahihi. Nishimwe akagonga ukuta kutoka chumba cha pili kwa tusi la Masisi ambalo sikulijua. Asubuhi tulikwenda Mapendo wanne wote kwa hasira, hata maji hatukunawa. Niliingia bila kubisha.

"Umetuibia!" nilimwambia. "Tumelala chini kwa ajili yako, nimeombewa na shirika zima kwa ajili yako, na wewe unabadilisha nenosiri?"

Adalbert alikuwa jikoni. Sambaza, dagaa wa ziwani, zilikuwa zinakaangwa, ugali umekwisha songwa, na sahani nne na bakuli moja zilikuwa mezani. Hakujitetea.

"Nilibadilisha," alisema. "Nikiwapatia, mutaenda. Mukienda hamutarudia. Mimi sina kitu ingine ya kubarudisha batu kwangu. Niko na hii tu." Akafuta mikono kwenye suruali. "Naogopa kukaa peke yangu, Kaswera. Ni hivyo tu. Mukule kwanza, nitabaambia."

Natamani kusema kwamba moyo wangu ulilainika hapo hapo. Ukweli ni kwamba sambaza zilinukia vizuri, Bulonza alikuwa amekwisha kuketi, na huwezi kuendelea kumfokea mtu anayekupakulia. Tulikula. Kisha aibu ikanijia, taratibu, nikiwa na sambaza mdomoni. Nilikuwa nimetazama filamu za mtu huyu mwaka mzima bila kujua kwamba ukuta wake wa chumbani haujafika juu.

Nenosiri jipya lilikuwa Bulonzaoshasahani. Bulonza akaosha.

Tangu siku hiyo ikawa sheria, na Gauthier alifurahi kuipa vifungu. Kila Jumapili baada ya misa nenosiri linabadilishwa, na linatolewa mezani tu, kwa aliyekula. Anayetaka filamu wiki nzima kwa bei yetu ile ndogo sharti aje Mapendo. Tulipata Gauthierpunguzamaneno. Tulipata Nishimwesautichini, akakasirika akaja Jumapili iliyofuata kulalamika, na hilo ndilo Adalbert alilolitaka. Mimi nilipewa Mamaalikuwanaharaka, nikamrushia kiatu. Mama Athanasie naye alizoea kupita na kibakuli chake, kwa kisingizio cha kutazama kama tumekwisha kufunga ndoa.

Yule mwenye hoteli, nikujulishe, alifungua mlango akamkuta pacha wake. Tulitukana kwa lugha nne.

Miaka ikaenda. Waasi walirudi Rutshuru, wakakaa, barabara ya kwao Adalbert ikafungwa. Sisi wanne tulimaliza masomo, tukapata vikazi. Adalbert alipata profesa mpya wa viazi. Jumapili hazikukosekana, labda ugonjwa, labda mvua ya mawe.

Mwezi wa kwanza wa mwaka elfu mbili na ishirini na tano vita viliingia mjini. Siku hizo nililala chini ya kitanda, na sitaki kuzieleza. Risasi ziliponyamaza waasi walikuwa wameushika mji, umeme hakuna, maji hakuna, mtandao hakuna, benki zimefungwa. Kadi ya Adalbert ikawa kipande cha plastiki. Mwisho wa mwezi akaunti ilijifia yenyewe bila kutuma hata salamu.

Jumapili ilipofika nilitoka Ndosho kwa miguu. Njiani watu walikuwa wachache, kila mtu akitembea karibu na ukuta. Nilijiuliza nafuata nini, maana filamu hakuna na mahali pa kuitazamia hakuna, na sikupata jibu la kunirudisha nyumbani. Kwenye njia ya Mapendo nilimkuta Bulonza na bidoni ya maji ya ziwa begani, akihema. Nishimwe tulimsikia kabla ya kumwona. Gauthier alitokea upande wa pili, shati limekunjamana.

Adalbert alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amefunga kifungo cha shingoni, anatazama njia. Alipotuona alisimama, mwiko ukamponyoka.

"Compte imekufa," akasema upesi, kama mtu anayeungama. "Sina kitu ya kubapatia. Nilijua hamutakuya."

"Umepika?" akauliza Nishimwe.

Alikuwa amepika. Maharagwe, kwa watu watano.

Tuliingia tukakaa. Chakula hakikuwa na chumvi, maduka yalikuwa yamefungwa au yameporwa, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi. Mlipuko ulisikika mbali, tukasubiri, tukaendelea kutafuna. Bulonza alikomba sahani yake, akaegemea ukuta, akauliza nenosiri kwa sauti ya Jumapili zote:

"Papa, mot de passe ya leo?"

Adalbert alimtazama. Akatutazama sote, mmoja mmoja, akakuna shingo ili kupata muda.

"Letenichumvi," alisema mwishowe.

Gauthier alitoa simu yake isiyo na mtandao, akamwomba Adalbert alirudie nenosiri polepole, akaliandika.